Msala Uliopungua Mistari Minne

Ukindu ukichemshwa na maganda ya mkoko hutoa harufu ambayo mpaka leo sijaizoea wala sijaichoka. Ina uchachu, ina moshi, na ndani yake kuna matope ya pwani, hata kama chungu chenyewe kimetelekwa Kiranjeranje, mwendo mrefu kutoka baharini. Bibi yangu mzaa baba, Bi Tunu, alizaliwa Songo Mnara akaolewa bara kwa wakulima wa mtama na mihogo, na maganda yale aliletewa na ndugu zake kila mwaka, kwa sababu alikataa katakata kutia rangi nyingine kwenye mikeka yake. Alisema rangi ya dukani ni ya watu wenye haraka. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo mimi, Somoe, mjukuu wake wa kike wa pekee, ndiye niliyekuwa macho yake. Nilipanga majani kwa unene, nikayahesabu, nikamkabidhi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi, na tangu asubuhi mpaka jua lipinduke nilikuwa nimekaa ubavuni pake, vidole vyekundu, miguu imekufa ganzi.

Kazi ya kusuka ni kazi ya kuhesabu, na mtu anayehesabu kutwa nzima lazima atafute pa kuichezea hesabu, la sivyo atasinzia. Bi Tunu alinitegea namba. Si zile hesabu za mwalimu wa chuoni, ambazo ukijua mbili na mbili umekwisha jua. Zake zilikuwa na mtego. Alisema, "Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Halafu?" Mimi kwa wepesi wangu nikajibu kumi na tatu. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Saa moja, mke mwenzangu. Au kwenu jua halichwi?" Aliniita mke mwenzake kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike, kwa utani, na kwa utani huo huo alininyima raha. Siku nyingine alisema, "Nane, nane, nane, nane. Inayofuata?" Nilikaa nayo siku mbili. Jawabu lilikuwa hakuna inayofuata, kwa kuwa bao lina safu nne za mashimo manane na hapo ndipo linapokwisha. Nililia kwa hasira. Bibi akaniambia kosa langu ni kutazama namba badala ya kuuliza namba zenyewe zinakaa nyumba gani.

Namba niliyoipata mwenyewe bila kusaidiwa ilikuwa hii: mbili, nne, nne, tatu. Nilimaliza safu tatu za ukindu nikiinung'unikia, kisha nikaruka juu. Nne! Ni rakaa za sala tano: alfajiri mbili, adhuhuri nne, alasiri nne, magharibi tatu, isha nne. Tangu siku hiyo huo ukawa mchezo wetu wa nyumba nzima. Mmoja alizitaja namba akaacha moja, mwingine akaitaja sala iliyoachwa. Baba yangu, Selemani, akirudi shamba na jembe begani, alianza kuulizwa kabla hajapewa maji ya kunywa. Alijifanya hajui, akajikuna kichwa, akanipa mji, kama anavyofanya mtu aliyeshindwa kitendawili. Alishanipa Milola, alishanipa Lindi, alishanipa Kilwa yote na visiwa vyake. Kwa ukarimu wa baba yangu nilikuwa sultani mdogo mwenye vidole vyekundu.

Huo ndio mwaka wa pamba. Akida wa kwetu, kwa amri ya Mjerumani, alitutolea watu majumbani kulima shamba lake la pamba, na mihogo yetu ikaliwa na nguruwe kwa kukosa walinzi. Waliochelewa walichapwa viboko hadharani, na waliochapwa waliambiwa washukuru. Watu wazima walikuwa wakisema, "Mwenye nguvu mpishe." Bi Tunu hakuipenda methali hiyo. Alisema aliyeitunga bila shaka alikuwa mwenye nguvu. Akanikataza kumwamkia askari yeyote, akasema shikamoo ni ya mkubwa, si ya mwenye bunduki. Kisha habari za maji ya dawa ya kuzuia risasi zikashuka kutoka milima ya Umatumbi, na asubuhi moja mipamba ilikutwa imeng'olewa, imelazwa kwenye matuta. Askari walikusanya wanaume wanne wa karibu. Mmoja alikuwa baba. Sijui kama aliing'oa. Natumaini aliing'oa.

Waliwafungia kwenye ghala la pamba, nyumba ya fito na udongo iliyokuwa pembeni mwa shamba, wakisubiri kupelekwa bomani Kilwa. Tulijua maana ya kwenda bomani mwaka ule. Waliokwenda hawakurudi kusimulia. Kaka yake mama, mjomba Nassoro, alikuwa fundi wa nyumba, na ghala lile alilijenga yeye mwenyewe kwa nguvu za viboko. Alijua ukuta wa nyuma umefungwa wapi, usiku akazikata kamba zake kwa chini, ukabaki umesimama kwa mazoea tu. Mtu mzima akiusukuma kwa bega unaanguka. Mama alipopeleka chakula alimnong'oneza baba habari ya ukuta, lakini saa ya kusukuma ilikuwa bado haijajulikana, na askari alimwona akinong'ona akamfukuza. Kuanzia hapo ikapigwa marufuku mtu mzima kusogea. Watoto tu ndio walioruhusiwa kuleta vyungu.

Siku ya pili mjomba akaijua saa. Kila alasiri askari wote walikwenda kusimamia upimaji wa pamba, akabaki mmoja mlangoni. Wakati wa kila sala wafungwa walifunguliwa kamba, wakaswali ndani, kisha wakafungwa tena. Baba alitakiwa ausukume ukuta wakati wa alasiri, na mjomba angekuwa vichakani kuwapokea. Akiusukuma adhuhuri, wakati bunduki zote zipo, angepigwa risasi mgongoni kabla hajafika kichakani. Na ilikuwa lazima iwe kesho, kwa kuwa keshokutwa ilikuwa siku ya safari ya Kilwa. Mama alikaa chini akashika tama. Bi Tunu akasema, "Lete ule msala mdogo, mke mwenzangu. Na shazia."

Akida alikuwa mtu wa kuswali, au alipenda aonekane hivyo, na bibi alijua ataona haya kumnyima mfungwa msala. Mkeka ulikuwa umekwisha, mweupe mtupu. Bibi akaniagiza nipitishe mistari myekundu kwenye upande wa kichwa, mafungu mafungu, kwa hesabu ya sala, nikiiacha ya alasiri. Nikafanya hivyo kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka: miwili, minne, mitatu, minne. Ulipendeza. Nilijivuna kupita kiasi. Asubuhi niliupeleka pamoja na chungu cha uji. Mlangoni alikaa askari mmoja mrefu, mtu wa mbali aliyekuja na Wajerumani, Kiswahili chake kizito, tasbihi imening'inia mkononi na bunduki magotini. Sikumwamkia. Aliupekua msala juu na chini, akaukung'uta, akaniruhusu niuingize. Nilimwona baba gizani, mikono nyuma. Tukaangaliana. Nikatoka.

Njiani nilikuwa na furaha, nikawa naruka kwa mguu mmoja kama watoto wanavyofanya, nikihesabu: miwili, minne, mitatu, minne. Karibu na kisima mguu ukasita wenyewe. Minne ipi? Adhuhuri ni nne na alasiri ni nne. Ukitoa moja, iliyobaki haisemi imetolewa ipi. Nyumbani, tulipocheza kwa mdomo, tulisita pale penye pengo na kila mtu akaelewa. Kwenye mkeka sikuacha nafasi, niliyapanga mafungu yote sawasawa yapendeze, na bibi mwenye macho ya ukungu alinisifu kwa kupapasa tu. Baba angesoma adhuhuri au alasiri, vyovyote atakavyo. Nikaangalia kivuli changu. Kilikuwa kimeshaanza kuingia chini ya miguu yangu.

Nilirudi mbio. Sikuwa na mpango wowote, nilikuwa na hofu tu, na hasira juu ya uzuri wa ile mistari yangu. Nilipomfikia yule askari niliimeza amri ya bibi yangu kama dawa chungu, nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu, akashangaa. "Wewe binti, umerudia nini?"

"Nimesahau kata ya uji."

Akainua kidole kuelekea ndani, kisha akakishusha. "Kata haijaonekana. Nenda kwenu."

Nikasimama. Nikasema kwa sauti kubwa, sauti ya kutegea watu uwanjani, "Kitendawili!"

Mimi ninavyojua, hakuna mtu aliyelelewa kwa Kiswahili, hata cha kuazima, anayeweza kukiacha kitendawili kikiwa kimening'inia. Askari alinitazama, akatazama huku na huku, akasema, "Tega."

"Watoto watano wa mama mmoja. Wa kwanza ana mbili. Wa pili ana nne. Wa tatu kapotea. Wa nne ana tatu. Wa tano ana nne. Aliyepotea ana ngapi?"

Akaweka bunduki ukutani ili apate vidole vya kuhesabia. Mtu huyu aliswali kama sisi, nyumba ya namba zile ilikuwa nyumba yake pia, na mimi nilikuwa nimeifungua mbele yake mchana kweupe. Alihesabu, akarudia, midomo ikicheza, kisha uso wake ukakunjuka. "Nne!" akasema. "Alasiri. Nne za alasiri." Akacheka, akajipiga paja, akanitazama kama aliyeninyang'anya ng'ombe.

Kutoka gizani ndani ya ghala nikasikia mtu akikohoa. Baba akasema polepole, "Askari ana akili. Mimi nimeshindwa, mwanangu. Chukua mji. Nakupa Songo Mnara."

Nikaondoka nikitembea. Kukimbia kungenifichua. Watu husema, "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua." Bi Tunu alinieleza baadaye upande wa pili wa methali hiyo: mwerevu akishaligangua fumbo hujiona kalimaliza, akaacha kuuliza limeletwa kwa nini. Askari yule alipata jawabu sahihi akaridhika. Na mtu aliyeridhika, alisema bibi, unaweza kumtoa mfungwa mbele ya macho yake.

Adhuhuri ilipita bila sauti yoyote kutoka upande wa shamba. Alasiri niliswali nyuma ya bibi. Tulikuwa rakaa ya tatu niliposikia udongo ukiporomoka kwa mbali, kisha bunduki moja, kisha kimya. Nilitaka kukata sala. Mgongo wa bibi haukutikisika. Aliongeza ya nne kwa utulivu ule ule, akatoa salamu kulia na kushoto, akasema, "Sasa lia, kama unataka." Risasi ilikuwa imemkosa baba. Wanaume wote wanne walikuwa vichakani na mjomba.

Gharama yake tuliilipa. Askari yule hatimaye alilikumbuka fumbo, au alikumbushwa kwa kiboko, na kesho yake akida alifika nyumbani. Alimuuliza Bi Tunu nani alimpa mwanawe habari. Bibi akamwambia, "Mbili, nne, nne, tatu. Inayofuata?" Akida alijua jawabu, kwa hiyo aliamuru achapwe. Mwanamke mzee, mbele ya wajukuu na majirani. Hakumtaja mjomba, hakunitaja mimi. Walichoma nyumba na ghala la mtama, wakachoma na chungu cha rangi, na harufu ile ya ukindu ikasambaa kijiji kizima kwa mara ya mwisho mwaka ule. Kisha ikaja njaa, watu wakala mizizi ya porini, na njaa ile ikamchukua bibi yangu kabla vita vile vya maji ya dawa havijakwisha. Nasema wazi kwamba sijawasamehe. Watu huniambia ni mambo ya kale. Kwangu mimi si ya kale, mgongo wa bibi niliupaka mafuta kwa vidole hivi.

Baba alirudi kutoka Songo Mnara wakati mihogo ilipoanza kukomaa tena, mwembamba, mvi kichwa kizima, akaishi mpaka akawashika wanangu. Msala haukuonekana. Nadhani askari yule aliuchukua, kwa kuwa ulikuwa msala mzuri. Kama aliuswalia maisha yake yote, basi aliswalia kosa langu na ujanja wangu kwa pamoja, na sijali.

Sasa nipo Lindi mjini, na nchi ni yetu. Mjukuu wangu anarudi shuleni na karatasi zenye namba zilizopangwa mstari, na mwisho kuna alama ya kuuliza. Anazijibu upesi kuliko nilivyoweza mimi, nami nafurahi kwamba kwake ni mchezo tu na hakuna mtu gizani anayesubiri jawabu. Lakini namba zake hazikai nyumba yoyote, na hilo nimemwambia. Bado nasuka, na bado natumia maganda ya mkoko. Kila msala ninaotoa una mistari miwili, minne, halafu nafasi tupu upana wa vidole vinne, halafu mitatu, halafu minne. Safari hii nafasi naiacha. Wanunuzi wa sokoni wanaiona, wanaigusa, wananiambia mama umeruka mahali, punguza bei. Sipunguzi. Juzi kijana mmoja wa ofisini, suruali imenyooka, aliniambia kwa upole kwamba labda macho yangu yamechoka, anionyeshe penye kosa. Nilimsukumia msala magotini nikamwambia ahesabu tena.