Maturubai ya Marani

Nimezaliwa mjini Kisii, katika nyumba ya Kiislamu ambamo Kiswahili ndicho kilichotulea. Kwa hiyo nilipopewa na mradi wa utafiti wa kilimo kazi ya kubuni jaribio langu la kwanza kule vijijini Marani, nilikwenda nimevimba kichwa, na Ekegusii changu, lugha ya huko, kilitosha kuombea maji tu. Mwenzangu wa kazi, mwenyeji wa huko, ndiye aliyenitafsiria.

Swali lilikuwa moja: kwa nini wakulima huuza maharagwe mara tu baada ya kuvuna, bei ikiwa chini, badala ya kungoja? Mimi nilishuku mvua. Mvua ya kwetu haina adabu. Maharagwe mabichi yakianikwa juu ya udongo huota ukungu, na mtu huona heri auze kuliko kutupa. Nikapendekeza baadhi yao tuwape maturubai ya kuanikia, wengine wangoje, kisha tulinganishe ni nani aliyekaa na maharagwe yake zaidi. Ili pasiwe na upendeleo tulipiga kura hadharani, vikaratasi ndani ya sufuria. Waliokosa niliwaahidi mbele ya mkutano mzima kwamba jaribio likimalizika vizuri nao watapata yao. Nilijipiga kifua kabisa.

Mmoja wa waliokosa alikuwa mama mjane, mcheshi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mlima wa pili. Alipofungua kikaratasi kitupu alisema bahati yake imebaki nyumbani, inapika.

Baada ya mavuno nilirudi kukagua. Kwake nilikuta turubai la buluu limejaa maharagwe. Jirani yake, aliyelipata kwenye kura, alikuwa amekaa kwake anakunywa chai, ua mtupu. Nyumba zilizofuata zilikuwa vivyo hivyo: asubuhi turubai liko hapa, mchana limeshavuka ua. Nikahamaki. Nilimuuliza yule mama kwa ukali nani kamruhusu. Wala hakukasirika. Aliniambia wao ni risaga, majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu.

"Tumepalilia pamoja, tumevuna pamoja," akasema. "Sasa turubai ndilo litutenganishe?"

Mimi nilikuwa nikiwaza jaribio. Ikiwa kila mtu anaanika juu ya turubai, utamlinganisha na nani? Jaribio limeharibika, na mkubwa wetu wa Nairobi hakuwa mtu wa kulea jaribio lililoharibika. Angefunga mradi, na ahadi yangu ingebaki maneno matupu. Ningepita Marani na uso gani?

Nilimpigia simu palepale, nimesimama kati ya migomba, na nikamsemesha kwa sauti ambayo mtu hamsemeshi mkubwa wake. Nikamwambia watu hawa hawajakosea. Sisi tumepigia kura mtu mmoja mmoja, na turubai huku ni la risaga. Atupe msimu mmoja zaidi, twende kilima cha pili ambako hatujagawa kitu, tupigie kura risaga nzima nzima. Akacheka, akasema haya, lakini mara moja tu.

Msimu ule ulikwenda vizuri. Risaga zilizopata maturubai hazikuwakimbilia wachuuzi, zilizokosa ziliuza upesi kama zamani, na mimi nikatembea Marani kama bibi harusi. Mradi ukapona, na maturubai ya ahadi yakaja.

La yule mama nilimpelekea mwenyewe. Alilinusa, akalipapasa, akalikunja tena vizuri. Nikashangaa, kwa maana maharagwe yake yalikuwa pale pale chini yakingoja kuanikwa. Aliniuliza kama jaribio limekwisha kweli. Nikamwambia limekwisha. Akauliza tena, kwamba hataniharibia kazi? Nikamwambia hataharibu.

"Dada yangu ameolewa ng'ambo ya mto," akasema. "Sisi tuna ya kuzungusha, risaga yao haina hata turubai moja. Shika upande ule, tuvuke."

Nikashika, tukavuka.