Chopa ya Oleta na Kiti cha Nyuma

Mke wangu Oleta ana miaka arobaini na mmoja, kwa urefu hanifiki begani, na ukitaka kumchokoza mwambie kitu fulani hakiwezekani. Mimi nilimwambia. Mwaka ule wa sabini na mbili nilimwambia kila siku, ndiyo maana nikajipikia maharage mwenyewe msimu mzima wa baridi.

Yalianzia kwenye mkono wangu. Mashine ya kutoa kokwa za pichi kiwandani ilinikata vidole vitatu vya mkono wa kulia, na mkono wa kulia ndio unaozungusha mafuta ya pikipiki. Nilikuwa naendesha tangu kijana. Nikajaribu kuhamishia mafuta kushoto, nikaingia nayo kwenye mfereji wa maji mchana kweupe, wakanivuta kwa kamba huku wanacheka. Nikarudi nyumbani nimelowa, nikaifungua Harley yangu ya zamani, ile iliyostaafu polisi, nikaitia kwenye makasha na kutangaza kwamba mimi na pikipiki basi.

Oleta hakubishana nami. Asubuhi nikakuta injini iko juu ya meza ya jikoni, imelazwa kwenye taulo langu.

"Ala! Hii nini tena?"

"Chopa," akasema. "Juni tunapanda mlimani wote wawili. Mimi mbele, wewe nyuma."

Kila Jumamosi ya kwanza ya Juni wenzetu wa pikipiki wa bondeni hupanda pamoja hadi kwenye ziwa la juu mlimani, na kwa miaka kumi na tisa sikukosa hata mara moja. Lakini nyuma?

"Nyuma wanakaa wake za watu, Oleta."

"Basi wewe utakuwa mume wa mtu."

Mimi mtu wa hasira, sikatai. Nikatoka, nikabamiza mlango. Ila usiku ule sikulala, maana nilijua kama si kiti kile cha nyuma, mlima ule sitauona tena juu ya magurudumu mawili. Nilitaka kwenda mpaka roho inauma, na sikutaka watu wanione.

Chopa ni pikipiki iliyokatwa. Unaondoa kila kisichohitajika, unakata shingo ya fremu, pale usukani unaposhikia, na kuilaza nyuma, unaweka miguu mirefu ya tairi la mbele hadi tairi liko huko linakutangulia, na kila kitu unakipima kwa mwili wa mwenyewe kama mshonaji anavyopima gauni. Oleta alijifunza kuchomelea kwenye karakana ya matrela, na mkono wake ni safi. Usukani aliuvuta karibu ili mikono yake mifupi iufikie. Kiti akakishona cha ngazi mbili, mbele chini, nyuma juu. Nikamwambia huko juu nitaonekana mpaka kaunti ya pili. Akasema ndivyo anavyotaka.

Februari ikafika siku ya shingo. Alishaikata, sasa anataka kuichomelea upya ikiwa imelala, na akaniomba niishike wakati anatia nukta za kwanza za moto za kuishikiza. Nikaishika kwa mikono yote miwili. Cheche ziliporuka, ule mkono mbovu uliteleza kidogo tu, upana wa ukucha.

"Iko sawa?" akauliza ndani ya kinyago chake.

"Sawa," nikasema.

Kwa nini nilisema sawa? Kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa mtu asiyeweza kushika kitu. Basi. Sina sababu nyingine.

Sasa, mtu yeyote wa kazi hii huku kwetu atakwambia: kwanza unaunga pikipiki yote ikiwa uchi, unavuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele kuona kama yamenyooka, unaiendesha, halafu unaifungua tena yote ndipo unapaka rangi. Kaka yake Oleta, Rayburn, mtu mkubwa mwenye ndevu hadi kifuani, alimwambia hivyo hivyo: "Dada, usikimbilie rangi."

Lakini Oleta alikuwa na haraka, na fundi akiwa na haraka rangi humwita. Tabaka kumi na mbili za wekundu wa kung'aa, kati ya tabaka na tabaka anasugua kwa msasa wa maji. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisugua naye. Nilijua uzi ungenisema, kwa hiyo nikasifia rangi.

Katikati ya Mei akaipeleka kwenye barabara ya mfereji. Sheria ya wenzetu ni moja: chopa mpya haipandi mlimani mpaka mjenzi wake aachie usukani, mikono yote hewani, hadi kibanda cha pampu. Oleta aliachia. Ikaanza kuvuta kushoto kama punda aliyeona nyasi, akaukamata usukani kabla hajaingia majini.

Rayburn akatikisa kichwa. "Haiendi, dada. Peke yako pengine ungepambana nayo. Ukiwa na shemeji hapo nyuma, kwenye kona za kule juu? Mtaishia korongoni."

Nyumbani Oleta akakaa kwenye ngazi ya jikoni, glavu bado mkononi. Simjui kwa kulia, na hakulia. Alisema tu, "Labda kweli kuchomelea sikujui. Labda nilikuwa najidanganya."

Hapo nikashindwa. Heri angenitukana.

"Ni mimi," nikasema. "Mkono uliteleza. Nikakwambia sawa na haikuwa sawa."

Akavua glavu moja, akavua ya pili. Kisha kitambaa cha mafuta kikanipata usoni, pwaa!

"Miezi mitatu, Doyle! Miezi mitatu unaniona nasugua, na umekaa kimya!"

"Niliona aibu."

"Aibu! Na mimi ningekufa korongoni, aibu yako ingenizika?"

Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu, nikiwa nakoroga maharage, akaingia na msumeno.

"Zima jiko. Njoo ushike."

"Kwa mkono huu?"

"Kwani una mwingine umeuficha?"

Aliikata ile shingo nyekundu mbele ya macho yangu, rangi ikapukutika sakafuni vipande vipande. Halafu akachukua ukanda wa mpira wa ndani ya tairi, akanifunga mkono kwenye bomba la shingo, akakaza mpaka nikapiga kelele.

"Ikisogea hata unywele, utasema."

"Nitasema."

Akavuta uzi. Akauliza. Nikamwambia bado, kulia kidogo. Akauliza tena. Bado. Nilisema bado mara kumi na moja, na kila mara alivua kinyago, akapima upya, wala hakufoka. Ya kumi na mbili nikasema sawa, akawasha moto. Muda wa kupaka rangi upya haukuwepo, shingo ikabaki nyeusi katikati ya wekundu wote ule.

Alhamisi, siku mbili kabla ya safari, wenzetu wote walikuwa kwenye barabara ya mfereji. Oleta akapiga kiki, akaondoka, akaachia usukani. Akaenda wima, kibanda cha pampu akakipita, akageuza na kurudi akiwa na uso mkavu kama mtu aliyetoka dukani.

"Peke yako umepita," Rayburn akasema. "Sasa na mzigo wako."

Wote wakanigeukia. Wanaume ishirini ninaowajua, mmoja akaanza kupiga mluzi. Masikio yakanichemka. Nikaangalia kile kiti cha juu, nikamwangalia mke wangu, ambaye hakuniita wala kunihimiza, alisubiri tu na injini inanguruma chini yake. Nikapanda.

"Shemeji, shika vizuri, usimwangushe dada!" Rayburn akapayuka, wakaangua kicheko, nami nikawatukana wote kwa pamoja.

Tukaondoka. Alipokolea mwendo, Oleta akainua mikono yote miwili. Mimi huku nyuma nilikuwa na uzito wa watu wawili na sina kitu cha kuongoza. Nikalitazama tairi lile la mbele, mbali kule, nikalisubiri livute. Halikuvuta. Lilikwenda, likakwenda, maji ya mfereji upande mmoja na miti ya pichi upande wa pili, na machozi yakanitoka nisione tena chochote.

Kibanda cha pampu kikatupita, na mbele barabara ikaendelea kuelekea mlimani. Akashika usukani, akageuza kichwa.

"Nigeuze?"

"Ugeuze uende wapi?" nikamwambia. "Endesha, mwanamke! Endesha!"