Mjomba, Kichwa cha Mkaguzi na Neno Boksi

Mjomba wangu ni kinyozi, na hanyoi bila kusema. Wapo vinyozi wanaosema mpira, wapo wanaosema watu. Yeye anasema neno moja tu la Kiingereza, boksi, na ameling'ang'ania kama kupe miaka nenda rudi. Kibanda chake kina kiti kinachozunguka upande mmoja, kioo chenye ufa, na picha za mitindo ambayo hajawahi kuiweza.

Hotuba yake ina njia, na njia yenyewe inapita kichwani mwako. Anaanzia kisogoni. "Zamani boksi lilikuwa mti, ndugu yangu. Mti mfupi, mbao ngumu kama roho ya mwenye nyumba. Walatini walikuwa na jina lao, Waingereza wakalichukua wakalikatakata." Akifika sikio la kulia, mti umeshachongwa visanduku vya kutilia marhamu, navyo vimerithi jina. Sikio la kushoto ni kiti cha mwendesha gari la farasi, nacho boksi, maana eti chini yake palifungiwa mizigo. Utosini tunaingia ukumbi wa maigizo, matajiri wamejitenga kwenye maboksi yao, vile vyumba vidogo vya kutazamia, wasikanyagwe na akina sisi. Paji la uso ni ngumi. "Sasa hilo boksi la ngumi limetoka wapi? Wasomi hawajui mpaka leo. Labda ni neno jingine kabisa, yamefanana sura tu kama mimi na yule fundi redio." Hapo anazima mashine, anakupangusa shingo, umekwisha.

Basi mjomba akataka kuoa. Mchumba ni fundi cherehani wa chumba cha pili. Wametenganishwa na ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba huyu akipiga chafya yule anamwombea afya. Wenyewe walishakubaliana. Kilichobaki ni kaka mtu, aliyemlea bibi huyo tangu utotoni: mkaguzi wa mizani, mtu anayekutazama kama umeficha robo kilo mfukoni. Bila neno lake hakuna ndoa. Akatuma habari kwamba atakuja kunyolewa, amwone huyo mwanamume akiwa kazini.

Siku hiyo mama yangu, dada mkubwa wa mjomba, alitangulia kibandani, nami nyuma yake.

"Leo, mdogo wangu, huo mdomo ufunge. Mkaguzi hapendi maneno. Sitaki kusikia boksi, sitaki kusikia mti."

"Dada, mimi nikinyamaza sijui nimefika wapi."

"Umefika kwenye kuoa. Akisema kitu, tabasamu."

Mkaguzi akaingia, akaketi, akasema, "Punguza kidogo tu." Mjomba akatabasamu. Kisogo kikaenda vizuri. Lakini kwa kuwa mti haukutajwa, visanduku navyo havikuja, na mkono ukarudi kisogoni kuanza upya. Ukapanda sikio la kulia, ukasita, ukashuka, ukapanda tena. Upande mmoja wa kichwa ukawa unang'aa kama sahani, wa pili msitu umesimama. Mjomba jasho linamtoka, midomo inamchezacheza kama mtu anayetafuna njugu za wizi. Mimi nikatazama dari. Mama akaanza kusali.

Mkaguzi akajiona kwenye kioo. "Bwana kinyozi, hiki ndicho kidogo chenu?"

Mjomba akatabasamu, kama alivyoagizwa.

"Unanicheka?"

Akatabasamu zaidi. Mkaguzi akaanza kujivua shuka, na ndoa ikaanza kuondoka naye. Ndipo ukuta ulipogongwa.

"Wewe, mbona kimya hicho?" Ilikuwa sauti ya fundi cherehani. "Umefika wapi?"

"Sijui," mjomba akasema, karibu alie. "Dada amenikataza kusema."

"Kaka, kaa hapo hapo, usije ukatoka nusu mtu. Na wewe, nenda sikio la kushoto. Kiti cha mwendesha gari la farasi. Haya."

"Chini yake palifungiwa mizigo," mjomba akaitikia, na mashine ikaondoka kama imetolewa kifungoni.

Cherehani nayo ikanguruma nyuma ya mbao. Bibi anataja, mjomba anajazia. Wakapanda utosini, wakawapita matajiri kwenye maboksi yao, wakashukia kwenye ngumi.

"Wasomi hawajui," akasema bibi.

"Mpaka leo," akasema mjomba, akazima mashine.

Nywele hazikubaki, lakini kipara kilikuwa sawasawa. Mkaguzi akakipapasa huku na huku, akitafuta kosa kwa vidole vya kazi yake. Hakulipata.

"Wewe binti," akauuliza ukuta, "umeanza lini kumsaidia huyu kunyoa?"

"Tangu nihamie hapa, kaka."

Mkaguzi akamgeukia mama. "Mlisema mnataka kuposa. Hawa wameoana siku nyingi, mimi nimekuja kunyolewa tu. Leteni wazee Jumamosi tulimalize."

Mjomba akafungua mdomo ashukuru.

"Nyamaza," mama akamwambia.

"Mwache aseme, mama," mkaguzi akadakia, mikono yote miwili kichwani. "Kunyamaza kwake tumekuona."