Safu ya Nne ya Orodha

Barua ilinifikia Kasongo kwa mkono wa dereva wa pikipiki, ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua. Nilikuwa sekretari wa sendika yetu, umoja wa wajenzi, mwanamke peke yangu kati ya waashi na maseremala. Kazi yangu ni kukunja vyuma vya nguzo. Barua ilitoka kwa watu wa mkubwa mmoja wa siasa. Walisema ujenzi wa shule kule Kabambare, uliokuwa umesimama, utaanza tena, ila kwanza wanataka orodha ya wanasendika: jina, kazi, kijiji, na katika safu ya nne, chama cha siasa cha kila mmoja.

Prezida wetu, mwashi mzee asiyependa maneno mengi, aliisoma mara mbili.

"Mama, yule seremala unayefanya naye kazi kila siku, iko chama gani?"

Miaka mingi tulikuwa tumekula sahani moja. Nilijua anaogopa kupanda juu, na kwamba anamficha mke wake sigara. Chama chake sikukijua. Jambo hilo lilinishangaza, na niseme kweli, nikatamani kuijaza ile safu ili nijue mwenyewe.

Tulikubaliana kwamba hatutamjibia mutu. Nilipanda pikipiki, siku mbili za matope, nikaanzia Wamaza. Seremala huyo alikuwa ameenda kwao kuvuna karanga. Nikamkuta shambani.

"Andika seremala," alisema.

"Hiyo ni safu ya pili, yaya," nikamwambia, maana kwetu kaka ni yaya.

"Basi rudia. Miye ni seremala sana."

Kabambare nilimngoja mwashi mmoja atoke msikitini. Aliniuliza wenzake wamejibu nini. Nikamwambia hakuna aliyejibu. "Basi na miye sijajibu," akasema, akanikaribisha chakula.

Nilimwacha mwisho yule ambaye chama chake kilijulikana na kila mutu. Alikuwa mwashi pia, wa Kabambare hapohapo, na alama ya chama cha yule mkubwa alikuwa ameichora kwenye mlango wake kwa rangi ya mafuta. Nilikuwa na hakika kwamba huyu angalau ataandika. Alichukua kalamu, akanirudishia.

"Acha wazi."

"Lakini iko pale mlangoni, yaya. Wote wanaiona."

"Pale nilichora kwa kupenda. Hapa wananiuliza."

Tuliipeleka orodha, safu ya nne nyeupe kabisa. Baada ya juma moja watu wawili wa yule mkubwa walimkuta prezida wetu akijenga ukuta wa jiko la jirani, wakamchukua. Hawakumwacha hata anawe udongo. Walimtia kashoo, chumba cha kufungia watu nyuma ya ofisi yao, wakasema anachochea watu. Tulipeana zamu ya kumpelekea ugali na sombe. Kila mara nilimkuta ameketi vilevile, akiuliza kama ule ukuta umefunikwa mvua isiulowanishe. Tulikuwa tumeufunika.

Siku ya nne tulikwenda wote kwenye ile ofisi. Tulipokuwa tumesimama mlangoni, pikipiki ilifika, na juu yake yule mwashi mwenye mlango uliochorwa, ametapakaa matope hadi kwenye nyusi. Alitupita, akaingia moja kwa moja kwa afisa.

"Prezida hakuiacha wazi ile safu. Yangu niliiacha miye. Munifunge miye."

Afisa alimtazama sana. "Weye si wa kwetu?"

"Miye wa kwenu. Na hawa pia ni watu wangu."

Seremala, aliyekuwa nyuma yangu, akasema yake aliiacha yeye. Mwingine akasema, na mwingine. Nami nikasema. Afisa alitufukuza uani, tukakaa chini kwenye udongo mbichi. Kabla ya alasiri prezida akatoka akiwa amebeba viatu vyake mkononi. Hakuna aliyetueleza lolote.

Kuhusu shule, kwanza waliita watatu tu kati yetu. Watatu hao wakasema watakuja pamoja na wenzao au hawaji. Mvua ilinyesha mwezi mzima juu ya kuta zisizo na paa, kisha tukaitwa wote, bila orodha.

Huko kwenye shantie, penye ujenzi wa shule, ndiko nilikomwuliza yule mwashi wa mlango swali lililokuwa likinikera: kwa nini alikuja? Nilitegemea jibu kubwa.

"Niliogopa mutasema sikuja kwa sababu ya chama changu," alisema. "Njia nzima nilikuwa nawaza hilo tu."

Nikamwuliza kama bado anakwenda kwenye mikutano yao. Alisema hawamwiti tena, na kwamba inamuuma, maana kule alikuwa na rafiki. Nilidhani atacheka baada ya kusema hivyo. Hakucheka. Aliniomba nimshikie ngazi, akapanda.