Rangi ya Asali

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na mkoloni, katika kijiji tulichohamishiwa kando ya mashamba ya kahawa, Ruiru. Nyumba yetu haikuwa na dirisha. Mchana kutwa tuliwasha koroboi, na kwa desturi mtoto hakutolewa nje mpaka kitovu kianguke.

Mwanga wa koroboi ulimpaka rangi ya asali. Mama mkwe wangu alimpakata akicheka.

"Haiya! Huyu ametoka mweupe. Si tumpeleke kwa mzungu mwenye shamba akawe karani?"

"Mama, mbona hanyonyi?"

"Ni mpole tu. Babake alikuwa hivi hivi. Mwache alale."

Alikuwa amelea wengi, nikamwamini. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mtoto asiyelia.

Asubuhi moja hakuamka. Alipumua, lakini hakufungua macho. Mume wangu alituombea mimi na mama yake nafasi kwenye lori lililopeleka kahawa Thika. Tulimfunika gubigubi, uso na yote, kwa sababu kitovu kilikuwa bado hakijaanguka.

Chumba cha hospitali kilikuwa na taa ndefu ya umeme, nyeupe kama maziwa. Sikuwa nimewahi kuona taa ya namna ile. Muuguzi alifunua blanketi, na pale mezani alilala mtoto wa manjano kama papai lililoiva, hata ndani ya macho.

"Huyu si wetu," mama mkwe akasema. "Nyumbani hakuwa hivi."

"Nyumbani mnawasha nini, mama?"

"Koroboi."

"Basi hamngeona. Mwanga wake nao ni wa manjano." Akamgusa mtoto kifuani. "Mmechelewa kumleta."

Alifariki lori likiwa bado linapakua magunia.

Mungu alinipa watoto wengine, na wajukuu, nami sijaacha kushukuru. Juzi mke wa mjukuu wangu alijifungua. Chumbani mwao wameweka balbu ya mwanga wa manjano. Nikaomba ibadilishwe, iwekwe nyeupe.

"Cucu, ile nyeupe itafanya nyumba iwe kama hospitali!" mjukuu wangu akalalamika.

"Ndiyo," nikasema. "Iweke."

Wakaiweka. Nikamtazama mtoto kwa muda mrefu; alikuwa salama.

Kila ninapoomba, najaribu kuukumbuka uso wa yule wa kwanza. Unaonijia ni ule wa asali, mzuri, ambao haukuwa wake.