Spana ya Baba Iko Kwenye Mkoba Wangu

Leo nimemficha Baba spana, na sijutii.

Kesho ananipeleka Kajiado kwa mahojiano ya kuingia sekondari. Lakini ekzosi, bomba la moshi la pikipiki yetu kuukuu, ilining'inia, kwa sababu tundu la bolti kwenye injini lilikuwa limelika nyuzi, ile mikato ya ndani inayoshika bolti.

Asubuhi Fundi Mutiso alikata nyuzi mpya, akafunga bolti. "Mzee, usiiguse tena."

Alipoondoka tu, Baba akashika spana. "Nikaze kidogo, isituaibishe njiani."

Krak! Bolti ikazunguka bure.

Nilichoka hata kulia.

Fundi amerudi, amepanua tundu na kutia bolti nene. "Mzee, hii ni injini, si kamba ya mbuzi. Tundu haliwezi kupanuliwa tena."

Baba ameshaniuliza spana iko wapi.

Ingekuwa ni nyinyi, mngemjibu?