Mtani Mimbarini

Mchungaji Kornelio Kapela alizaliwa Ribe, karibu na Mombasa, ambako baba yake, mpagazi wa Kinyamwezi, aliiacha misafara akabatizwa kwa Wamethodisti. Mwaka 1938 kanisa lilimtuma Temeke, awachunge waumini wachache waliofanya kazi bandarini Kurasini.

Imani yake ilikuwa ya nyimbo na jasho. Asubuhi alisimamisha kuta za kanisa kwa udongo na fito huku akiimba. Jioni alizuru wagonjwa, bila kuuliza wanasali wapi.

Kosa lake lilikuwa moja. Alipofariki Fransis, kuli wa Kinyamwezi, Mzaramo mmoja, Mwinshehe, fundi wa kuezeka, alijilaza kaburini kama ilivyo ada ya utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Kornelio, aliyekulia mbali na ada hiyo, alimfukuza kwa ukali. Tangu siku hiyo majirani, wengi wao Wazaramo, walimwitikia salamu tu. Masika yakakaribia, kanisa halina paa, na hakuna aliyekubali kuliezeka.

"Hawakuchukii," mkewe Yustina alimwambia. "Wamemkosa mtani wao."

Jumapili iliyofuata Kornelio alimkuta Mwinshehe mimbarini, amejikalia kiti cha mhubiri, anajipepea kwa kofia yake. Majirani walijazana madirishani.

"Mnyamwezi!" Mwinshehe alinguruma. "Babu yako kabeba pembe, baba yako kabeba mahema, weye wabeba kitabu. Mzigo umepungua, kiburi kimezidi! Sishuki!"

Damu ilimchemka Kornelio. Akatazama juu, mawingu yametanda. Akamtazama Yustina, naye anauma midomo asicheke.

"Kaa, Mzaramo, kaa sana," alisema taratibu. "Ila kwetu Wamethodisti, akaaye hapo sharti ahubiri, wazee wampime. Yustina, mpe Biblia. Ndugu, tumsikilize Mchungaji Mwinshehe."

Mwinshehe aliruka chini kama aliyekalia siafu. "Mie? Shehe akisikia, nimekwisha! Mnyamwezi huyu kaniweza!"

Vicheko vilipasuka ndani na nje. Kornelio alicheka hata akafuta machozi.

"Nilikukosea kule makaburini, mtani wangu."

"Tena sana! Nimelala kwenye udongo wa baridi, mgongo unaniuma hadi leo, na hata pole sikupewa."

"Pole, bwana."

"Haya, sasa umesema kama mtu."

Kesho yake makuti yalipanda juu, Mwinshehe akiyafunga, Kornelio akimrushia moja baada ya jingine.

"Namwezekea Yustina huyu!" Mwinshehe alipaza sauti. "Weye ungenyeshewa tu!"